Baba wa Baridi

Holger Kyrö alikuwa na miaka sitini na tisa, na katika miaka yote hiyo hakuna mtu wa Pajala, kaskazini kabisa mwa Sweden, aliyewahi kumsikia akisema anahisi baridi. Alikuwa amekata magogo msituni kwa nyuzi arobaini chini ya sifuri, akila mkate ulioganda mpaka ukigongwa unalia kama kigae. Kwa hiyo mwezi wa Februari, alipokuwa anakwenda kumtembelea binti yake Stockholm, alivaa koti lake la kuvulia samaki wakati wa kiangazi, jepesi kama ngozi ya kitunguu, na kofia ya sufu akaiacha msumarini.

"Utaganda," mdogo wake Sixten alimwambia stesheni, akimnyooshea koti zito la manyoya.

"Nigande wapi? Stockholm? Kule watu wanavaa skafu kwa urembo."

"Lichukue tu, kaka. Likae mkobani."

"Mvalishe mbwa wako. Sixten, nisikilize vizuri. Siku utakayosikia mimi nimelalamika baridi kule, kiti changu cha juu saunani ni chako."

Sixten akalishusha lile koti. Hilo halikuwa neno dogo. Katika sauna ya akina Kyrö, kibanda chao cha kuogea mvuke, benchi la juu, pale joto linapokaa, alikuwa akikaa Holger tangu baba yao alipofariki. Sixten alikuwa na miaka sitini na nne na bado anakaa la chini, miguu baridi, akimwagiwa maji ya mgongo wa kaka yake.

"La juu kabisa?"

"La juu kabisa," alisema Holger, akapanda treni vifungo vya koti wazi.

Treni ilimtua asubuhi ya Jumapili. Ylva alikuwa anamsubiri jukwaani: miaka thelathini na miwili, dereva wa treni za chini ya ardhi, mrefu kama baba yake, ulimi wa marehemu mama yake.

"Baba! Koti liko wapi?"

"Si hili?"

"Hilo ni koti au leso?"

"Nyuzi tatu chini ya sifuri, mwanangu. Kwetu hali kama hii tunatoa viti nje."

Wakatoka. Sasa, baridi ya Pajala ni baridi ya kiungwana: kavu, imetulia, inakupiga usoni mbele ya mashahidi. Baridi ya Stockholm ina maji ndani yake. Inatoka baharini, inapita chini ya madaraja, inaingia kwenye mkono wa koti kama mwizi wa sokoni, inazikuta mbavu, inakaa kitako. Walipofika kona ya kwanza, Holger alihisi kitu kikimpapasa mgongoni. Alikaza meno yasije yakagongana, akaongeza mwendo.

"Mbona unakimbia, baba?"

"Njaa."

Ylva alikaa kusini mwa mji, ghorofa ya kwanza ya jumba la zamani lenye kaya kumi na nne na ua katikati. Vyumba viwili, na dirisha linalotazama mti mmoja. Holger alifungua sanduku: nyama kavu ya kulungu wa kaskazini, jemu ya matunda ya kinamasini, na bonge la jibini ya kahawa lililofungwa kwa taulo. Ylva alimwacha ale. Kisha akavuta kiti, akakaa mbele yake kama daktari mwenye majibu.

"Baba, jambo moja tu nakuomba. Moja."

"Sema."

"Nyumba hii si yangu. Mwenyewe yuko Göteborg kikazi, mimi nimepangishwa mwaka mmoja, na mwaka unaisha Machi. Yeye ameshakubali nikae mwaka mwingine. Bado kamati ya nyumba. Inakaa Alhamisi, saa kumi na mbili jioni. Wakikataa, natoka."

"Kwa nini wakatae?"

"Wanaangalia kama mpangaji ni mtu wa fujo. Mimi si mtu wa fujo. Lakini wewe nakujua. Hadi Alhamisi, baba, usibishane na mtu. Usitengeneze kitu cha mtu. Usimsaidie mtu."

"Kusaidia nako ni fujo?"

"Hapa? Sana."

Holger akajibu ndiyo ya watu wa kwao, ile ya kuvuta pumzi ndani kwa ghafla, *fyu*, bila kufungua kinywa. Ylva alimtazama sana. Ile *fyu* aliijua. Mtu anaweza kuitoa huku akiwaza kitu kingine kabisa.

Mgeni siku mbili. Ya tatu mpe jembe. Ylva hakuwa na jembe, alikuwa na kikapu cha nguo chafu. Jumanne asubuhi alimpeleka baba yake mbele ya mlango wa chumba cha kufulia kule chini, akamwonyesha ubao ukutani wenye vitundu vya saa na siku, na kila kaya na kufuli yake ndogo.

"Hii kufuli ni yangu. Ipo kwenye Jumanne, saa nne mpaka saa saba. Saa nne unaingia. Si saa nne kasoro tano, si saa nne na robo. Nguo ndani, sabuni hii hapa, bonyeza hapa. Umenielewa?"

"Nimeendesha mashine ya kung'oa misonobari miaka thelathini."

"Ndiyo maana nauliza."

Akaenda kazini. Saa nne kamili Holger alishuka na kikapu. Mashine, akaikuta imejaa nguo za mtu mwingine. Zimeshafuliwa, zimetulia, mbichi. Akasubiri. Saa nne na dakika nne, hakuna mtu. Akafungua kabati la kukaushia: limebandikwa karatasi kwamba ni bovu, fundi anakuja wiki ijayo.

Akazitoa nguo moja moja kwenye beseni. Shuka nyeupe za kitani, nzito, pembeni zimetariziwa herufi kwa mkono wa mtu aliyekufa zamani. Vitambaa vya meza. Gauni refu la kulalia. Suruali mbili za ndani, za sufu, zile za kufika vifundoni. Holger alizishika shuka zile na mama yake akamjia. Kwao nguo ya jirani hailali mbichi kwenye beseni. Hilo hata wezi walilijua. Unaitoa nje kwenye baridi kali, inaganda saa ile ile, na baridi kavu inalamba barafu taratibu mpaka jioni unaingiza shuka kavu yenye harufu ambayo duka lolote la manukato duniani lingefunga milango kwa aibu.

Usimsaidie mtu, Ylva alisema. Lakini huku si kusaidia, Holger alijiambia. Huku ni adabu.

Uani kulikuwa na vile vyuma vya kukung'utia mazulia. Akafunga kamba kutoka kwenye vyuma mpaka kwenye mti, akazitundika zote, kwa mpangilio, shuka nyuma, suruali mbele. Vidole vilimfia kufikia shuka ya pili. Akavifikicha, akatazama huku na huku kama kuna aliyeona, akamaliza. Kisha akatia nguo za Ylva kwenye mashine, zilipokwisha akazipandisha juu kuzitandaza kwenye viti, akanywa kahawa na jibini, akalala usingizi wa mtu mwema.

Alipoamka saa tisa alisikia kicheko uani.

Baridi ya Stockholm, iliyojaa maji, ilikuwa imeshindwa kukausha hata uzi. Ilichoweza ni kugandisha. Shuka zilisimama kama milango iliyong'olewa. Gauni la kulalia lilikuwa limeinua mikono kuomba dua. Na zile suruali mbili, miguu imetanuka, zilisimama wima kwenye theluji baada ya kamba kulegea, moja ikiiegemea nyingine kama walevi wanaoagana. Kijana wa ghorofa ya nne, Melker, alikuwa akizipiga picha kwa simu huku amejishika tumbo.

"Mzee, hii ni sanaa au nini?"

"Ni nguo."

"Za nani?"

"Za jirani."

"Jirani yupi?"

Holger hakujua. Alijua dakika kumi baadaye, alipokwisha kuziingiza ndani moja moja, bila kuzikunja, maana kitani kilichoganda ukikikunja kinakatika. Alizibeba kama fundi anayebeba mbao. Mlangoni pa chumba cha kufulia palikuwa na karatasi, mwandiko ulionyooka kama reli:

*Kwa mtu aliyetoa nguo zangu kwenye mashine na kuzitundika uani kama bendera za meli: nguo za mtu haziguswi. Kanuni ya nne, ukurasa wa pili. Ninazisubiri ghorofa ya tatu. G. Stjernfeldt, Mwenyekiti wa Kamati.*

Akaziacha mbele ya mlango wa ghorofa ya tatu, zimeegemezwa ukutani. Hakubisha hodi.

"Gunvor Stjernfeldt!" Ylva alipiga kelele jioni, bado amevaa sare ya kazi. "Kaya kumi na nne kwenye jumba hili, baba, na wewe ukatundika chupi za mwenyekiti!"

"Si chupi. Ni suruali za ndani. Za sufu nzuri."

"Baba!"

"Amechelewa kuzitoa. Saa nne na dakika nne zilikuwa bado ndani."

Ylva akageuka ghafla. "Kweli? Saa nne na nne? Hiyo ni kanuni ya tatu! Ameiandika mwenyewe! Basi tunalo la kumwambia. Andika kwenye karatasi, bandika pale pale —"

"Hatumshtaki mtu kwa dakika nne."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu ni dakika nne." Holger alichukua kalamu. "Lakini nitamjibu. Mtu amekuandikia, unamjibu."

"Mwombe msamaha tu. Mistari miwili."

*Fyu*, alijibu Holger.

Sasa, ni lazima ijulikane kwamba kwao zawadi ya Krismasi haitolewi bila ubeti. Unaandika juu ya bahasha mistari ya kumzungusha mtu akisie kilichomo ndani, na yule asiyejua kutunga huenda kwa anayejua. Pajala nzima ilikuwa inakwenda kwa Holger. Asubuhi ya Jumatano Ylva alishuka ngazi, akasoma mlangoni, akashika kichwa:

*Nguo nimezitundika, zikaushwe na baridi,*
*kwetu hivyo hukauka, zikanukia waridi;*
*hapa zimegandishika, zimesimama kaidi,*
*kosa si la kutundika: hii yenu si baridi!*

Hakuwahi kuubandua. Majirani wawili walikuwa wameshasimama nyuma yake wakisoma kwa sauti, na mmoja wao alikuwa mjumbe wa kamati. Saa tatu, kabla kahawa ya Holger haijapoa, chini ya ubeti wake ulikuwa umebandikwa mwingine, mwandiko wa reli:

*Mgeni wa huko chini, unajua kujisifu,*
*shuka za bibi zamani, zilizokuwa nadhifu,*
*zimesimama uani, kama walevi dhaifu;*
*nakuona dirishani: watetemeka, sharifu!*

Holger aliusoma mara tatu. Mara ya kwanza alikasirika. Mara ya pili alihesabu mizani kwa vidole, akitafuta kosa. Hakulipata. Mara ya tatu aliinua macho kwenye ngazi, ghorofa ya tatu, kama mchezaji wa sataranji aliyezoea kushinda wajukuu na sasa amepata mpinzani.

"Watetemeka," alirudia peke yake. "Nani anatetemeka?"

Na kwa kuthibitisha kwamba hatetemeki, akatoka kwenda kuutembelea mji, kifungo cha juu wazi.

Alishuka mpaka majini. Feri ilikuwa ikipasua barafu nyembamba kwa sauti ya mtu anayekanyaga vyombo, na upepo ukapanda kutoka kule kama uliomwona na kumtambua. Alitazama kasri la mfalme kwa muda wa kutosha kusema ameliona. Alinunua andazi la krimu la msimu ule, akalila kwa haraka kwa sababu vidole havikuweza tena kulishika. Watu wa mji walimpita, wamejifunga mpaka puani, hakuna hata mmoja aliyeona aibu. Kufikia saa sita masikio yake yalikuwa yameacha kuwa yake.

Akashuka chini ya ardhi. Hakuwa na safari yoyote, alifuata joto. Akapanda treni ya kwanza iliyokuja, akakaa, akaenda mpaka mwisho wa njia, akabaki ndani, akarudi nayo. Kisha tena. Joto lilimwingia polepole kuanzia magotini. Mara ya tatu, katikati ya mji, kipaza sauti kilikwaruza, na sauti ya mwanamke ikasema kwa utaratibu wote wa kazi:

"Kituo kinachofuata, milango itafunguka kulia. Abiria wa behewa la pili mwenye koti la kuvulia samaki, tafadhali usishuke mpaka mwisho wa njia. Dereva ana maneno nawe, baba."

Behewa zima likageuka. Bibi mmoja mwenye mbwa alimpa Holger tabasamu la pole. Holger alitazama dirisha, ambalo lilikuwa na giza tu la kutazama.

Mwisho wa njia Ylva alitoka kwenye chumba chake cha dereva, akakaa kando yake katika behewa tupu. Alikuwa na dakika sita.

"Nimekuona kwenye kioo mara tatu. Tangu saa sita uko kwenye treni yangu."

"Naangalia mji."

"Chini ya ardhi?"

Holger akatazama viatu vyake.

"Baba, unajua tangu nije huku nimehama mara ngapi? Mara sita. Miaka mitano, mara sita. Maboksi mengine sijawahi kuyafungua, nayahamisha tu kama yalivyo. Foleni ya kupata nyumba ya kupanga nimo ndani, nitafikiwa nikiwa na nywele nyeupe. Safari hii nimetundika taa. Umeiona ile taa ya jikoni? Mimi huwa situndiki taa. Safari hii nikasema, acha nitundike."

Alikuwa ameiona. Taa ya shaba, ya mama yake, ile iliyokuwa juu ya meza yao Pajala.

"Nilikuomba kitu kimoja," alisema Ylva. Hakusema kwa hasira, na hilo ndilo lililouma. Akainuka, akaenda upande wa pili wa treni, akairudisha mjini.

Alhamisi, saa nne asubuhi, Holger alipanda ghorofa ya tatu na nusu ya bonge la jibini kwenye taulo. Aliyefungua alikuwa mwanamke wa miaka sabini na minne, mwembamba, miwani kwenye kamba, mwalimu wa hesabu aliyestaafu lakini hajaacha kusahihisha. Nyuma yake, juu ya beseni la kuogea, shuka za bibi yake, zilizofuliwa upya, zilikuwa zinadondosha maji tone kwa tone.

"Mshairi," alisema Bi Gunvor.

"Mwenyekiti," alisema Holger.

"Ingia kabla hujanigandia mlangoni."

Akamimina kahawa. Holger akakata vipande vya jibini, akavitumbukiza kwenye vikombe vyote viwili bila kuuliza.

"Wewe! Jibini ndani ya kahawa?"

"Meza kwanza, gomba baadaye."

Akameza. Hakugomba. Akachukua kijiko, akatafuta kipande cha pili chini ya kikombe.

"Sasa," alisema, "umekuja kuomba msamaha?"

"Nimekuja kusema ukweli. Kwetu nguo ya jirani haiachwi mbichi. Niliona kabati ni bovu, nikadhani nafanya wema. Sikujua baridi ya hapa haikaushi. Kosa ni langu, si la Ylva, yeye alinikataza. Mimi Jumapili naondoka. Yeye asiondoke."

Bi Gunvor alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akasubiri kidogo, kama anayetarajia kipande kingine. Hakikuja.

"Huna lingine la kusema? Kuhusu saa, kwa mfano?"

"Saa gani?"

Akamtazama juu ya miwani. "Basi. Kura ni ya watu watano, mimi ni mmoja wao. Lakini leo jioni kuna mstari kwenye karatasi zangu unaosema: *Je, kuna mgogoro na majirani?* Na mimi siwezi kuandika hapana wakati kule mlangoni umetuambia sisi wote kwamba hatujui hata baridi ni nini."

"Nitaubandua sasa hivi."

"Thubutu! Nyumba nzima imeshausoma. Melker ameukariri. Ubeti haubanduliwi kwa kucha, mzee. Ubeti hubanduliwa kwa ubeti."

"Unataka niandike nini?"

"Si umesema umekuja kusema ukweli? Midomo yako ni ya bluu. Tangu Jumapili nakuona dirishani: unatoka kwa mwendo wa jogoo, unarudi kwa mwendo wa bata."

Holger alishusha kikombe. Mbele ya macho yake palikuja benchi la juu, mbao zake nyeusi kwa jasho la miaka, pale alipokaa baba yake na baba wa baba yake. Palikuja uso wa Sixten. Kutangaza hadharani kwamba yeye ni mwizi wa kuku kungekuwa rahisi zaidi.

Kisha ikaja ile taa ya shaba.

"Una kalamu?" aliuliza.

"Ninazo kumi na mbili."

Alikaa kwenye ngazi ya chini, karatasi gotini. Maisha yake yote alikuwa ametunga beti za soksi, za visu, za birika za kahawa. Hakuwahi kutunga ubeti uliokwaruza koo ukitoka. Majirani walipita wakamruka. Melker alikuja akasimama, akaona uso wake, akaenda zake kwa ncha za vidole. Saa sita kasoro, karatasi ilikuwa mlangoni:

*Leo nakiri hakika, nami ni wangu shahidi,*
*mifupa yatetemeka, kila siku inazidi;*
*majivuno nayazika, nisiitwe mkaidi:*
*hii yenu, bila shaka, ndiyo baba wa baridi!*

Bi Gunvor alishuka kwa viatu vya ndani. Akausoma, akahesabu mizani kwa kidole hewani, mstari hadi mstari. Kisha akapanda tena, akarudi na koti zito la kijivu la marehemu kaka yake, linalofika miguuni, akamtupia mikononi.

"Funga mpaka juu," alisema.

Holger akafunga. Kifungo cha kwanza, cha pili, cha tatu. Kile cha juu kilimchukua muda, maana vidole havikuwahi kufanya kazi hiyo. Na alipokifunga, joto likamfunika kifua kwa namna ambayo nusura imtoe machozi, akageuka kuusoma ubeti wake mwenyewe kana kwamba hajawahi kuuona.

Kamati ilikaa saa kumi na mbili. Ylva alizunguka meza ya jikoni chini ya taa, akaosha kikombe kisafi mara mbili. Saa moja na nusu karatasi iliteleza chini ya mlango. Aliisoma kwa sauti, na sauti ikampanda kila mstari:

"*Moja. Ylva Kyrö anaruhusiwa kuendelea kukaa mwaka mmoja zaidi. Migogoro: hakuna. Mbili. Kanuni ya nne, nyongeza: nguo zinaweza kutundikwa uani baridi ikizidi nyuzi kumi chini ya sifuri, kwa idhini ya mwenye nguo. Tatu. Mwenyekiti amepewa onyo kwa kuchelewa kutoa nguo dakika nne siku ya Jumanne. Onyo limeandikwa na mwenyekiti mwenyewe.*"

Akamrukia baba yake shingoni. Holger alinuka koti la marehemu kaka wa mtu, na jibini.

"Mwaka mzima, baba!"

"Fungua yale maboksi," alisema Holger.

Jumamosi mbingu zilisafishika, na baridi ya kaskazini, ile yenyewe, kavu, iliyonyooka, ikateremka mpaka Stockholm: nyuzi kumi na nne. Holger alitazama dirishani akamwona Bi Gunvor uani, peke yake, akitundika kwenye vyuma foronya moja tu. Jioni alishuka tena, akaishika. Akatazama huku na huku. Akaizamisha pua ndani yake, akakaa hivyo muda mrefu sana kwa mtu anayekagua foronya.

Holger akatabasamu mpaka masikioni. Heshima yake ilikuwa imerudi kwa njia ya uani. Na kwa furaha hiyo akaichukua simu ampigie mdogo wake, maana wiki nzima hakumpigia, na ukimya wa mtu mwenye majivuno una maana yake.

"Sixten! Habari za huko?"

"Salama tu, kaka. Za Stockholm?"

"Nzuri. Mji mzuri. Watu wazuri."

"Na baridi?"

Ylva aliinua kichwa kutoka kwenye boksi lake. Holger akampa mgongo.

"Baridi gani? Nakuambia, hata kifungo —"

"*Hii yenu, bila shaka,*" alisema Sixten taratibu, kama msomaji wa kanisani.

Holger akaketi juu ya boksi moja.

"Umeipata wapi hiyo?"

"Kuna kijana huko anaitwa Melker. Ameweka picha. Mlango, ubeti, na wewe umesimama kando umejifunga koti mpaka kidevuni kama mtoto wa chekechea. Pajala yote imeona. Mchungaji ameicheka mpaka akakohoa."

"Sixten, sikiliza, kuna maelezo —"

"Sikusikii vizuri, kaka. Sauti inavuma huku." Na kweli, nyuma ya sauti yake kulisikika maji yakimwagwa juu ya mawe ya moto, *shaaa*, na mvuke ukipanda. "Niko saunani. Nimekaa juu."

"Juu wapi?"

"Juu kabisa," alisema Sixten. "Lo! Kumbe joto lote lilikuwa huku."